Waya wa Meli Kwenye Migomba

Waliokuja Iringa kuandikisha vijana wa jeshi la maji walituuliza maswali mengi, nami niliyajibu yote kwa kweli isipokuwa moja. Waliuliza kama tunajua kuogelea. Tulikuwa vijana kumi na tisa kwenye mstari, wote wa milimani, ambao maji tuliyoyazoea ni ya mito ya baridi inayofika magotini, na wote tukasema ndiyo. Mzungu aliyekuwa akiandika alitutazama, akacheka peke yake, akaandika ndiyo kumi na tisa. Mimi niliitaka kazi ile kuliko nilivyoogopa kuzama. Nilikuwa nimefanya kazi miaka miwili Mbeya mjini kwa fundi mmoja Mhindi aliyetengeneza redio, na kwake nilisikia kwamba ndani ya meli ya kivita mna waya nyingi kuliko mji mzima wa Mbeya. Hilo lilinitosha.

Mombasa nitaisema kidogo, maana wengi wameisema. Joto lilinilaza siku tatu nikadhani ni malaria. Kuogelea nilifundishwa na mtu aliyenisukuma tu kutoka gatini. Mwezi wa pili nikachaguliwa pamoja na wenzangu saba kujifunza umeme wa mawasiliano ya melini, yaani simu, kengele, vipaza sauti na kila waya unaobeba neno kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mwalimu wetu alikuwa Mhehe wa upande wa Idodi, mrefu, mkavu, aliyebeba simu za jeshi mgongoni wakati wa vita kule Burma kabla ya kuhamia majini. Nitamsifu hapa bila kujizuia, na anayedhani nazidisha chumvi hakumwona akifanya kazi.

Siku ya kwanza hakutupa hata bisibisi. Alituingiza melini, akaweka mkono wangu juu ya waya mmoja katika chumba cha usukani, akasema, "Ufuate mpaka mwisho wake, kisha uje uniambie umeishia wapi." Waya ule ulipenya kuta, ukapita juu ya vichwa vya wapishi, ukashuka ngazi mbili, ukajificha nyuma ya bomba la moto, ukaishia kwenye chumba cha mashine. Nilirudi nimechubuka magoti na shati limejaa mafuta. Akaniambia niuchore. Nilipomaliza kuchora alinifunga kitambaa machoni, akanirudisha mwanzo. Tulifanya hivyo wiki mbili nzima, kila mmoja na waya wake, hata mabaharia wengine wakatuita panya.

Mwenzetu mmoja alichoka akamuuliza, "Afande, sisi tumekuja kusoma umeme au kutambaa?"

"Umeme wenyewe unatambaa," alijibu. "Wewe nani usitambae?"

Alitueleza baadaye, kwa maneno machache, kwamba meli ikipigwa au ikishika moto kitu cha kwanza kuondoka ni taa, na cha pili ni akili za watu. Fundi wa simu asiyejua njia kwa vidole vyake hapo hana kazi. Nilimwamini kwa sababu yeye mwenyewe aliweza. Nilimwona siku moja akijibu maswali ya ofisa huku mkono wake mmoja uko nyuma ya ubao wa simu, na alipomaliza kujibu alikuwa amekwisha kaza skrubu iliyolegea bila kuitazama.

Adui yetu mkubwa alikuwa chumvi. Maji ya bahari hayana adabu, huingia hata pasipo na tundu, na shaba uliyoiacha inang'aa Jumatatu unaikuta ya kijani Ijumaa. Kazi yetu ya kila siku ilikuwa kufungua masanduku madogo ya viungio, kukwangua, kufuta kwa spiriti, kukausha, kupima kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono kama ganda la waya bado linazuia umeme kuvuja, kisha kupaka grisi na kufunga. Ni kazi isiyoonekana. Mpishi akipika vibaya mlaji anajua mchana uleule, lakini mtu wa waya akifanya uvivu hujulikana siku ya shida.

Nami nilifanya uvivu. Asubuhi moja nilifunga sanduku kabla halijakauka, kwa sababu kengele ya chakula ililia. Siku ya tatu tulikuwa katika mazoezi baharini, na simu ya kutoka kwa nahodha kwenda kwa watu wa mizinga ikawa bubu. Ofisa alipanda juu amevimba kwa hasira, akauliza ni kazi ya nani. Mwalimu akasema, "Yangu." Hakunitazama wala hakunigusia. Tuliporudi bandarini alinipa bisibisi akanionyesha masanduku yote ya upande ule, arobaini na kitu, akasema nifungue moja moja nikaushe upya. Alikaa pembeni akikausha pamoja nami mpaka tukamaliza. Tangu siku hiyo, nikisikia kengele ya chakula mikono yangu haiharakishi.

Katika vifaa vyote nilivyofundishwa, kimoja nilikipenda mpaka wenzangu wakanitania kwamba nitakioa. Ni simu isiyo na betri wala haiungwi na umeme wa meli. Ukisema, sauti yako inatikisa kibati chembamba kilicho karibu na sumaku, na mtikisiko huo unazaa umeme kidogo sana, lakini unatosha kumfikia mtu wa upande wa pili akasikia hata ukikohoa. Nilipoelezwa mara ya kwanza nilidhani nachezewa. Meli izimike yote, mashine zife, na bado watu wawili waweze kuongea kwa nguvu ya vifua vyao tu! Ndipo nilipojua kwamba sikukosea kusema uongo Iringa.

Mwaka wa tatu nikiwa kazini, barua ilitoka nyumbani. Kwetu ni vilimani, upande wa Tukuyu, safari ya saa chache kutoka Mbeya. Mama alikuwa amefariki zamani. Baba aliishi peke yake katika nyumba ya juu, na mke wangu, niliyemwoa likizo ya mwaka uliotangulia, aliishi nyumba ya chini, hatua themanini hivi, katikati kuna migomba. Barua ilikuwa ya shangazi, dada yake baba, aliyekaa ng'ambo ya kijito, imeandikwa kwa mkono wa mwalimu wa kanisani. Baba alikuwa na pumu. Asubuhi moja ilimbana akaanguka, akashindwa kupiga kelele, akalala sakafuni mpaka alasiri shangazi alipompelekea uji. Muda wote huo mke wangu alikuwa chini anapukuchua mahindi, hajui lolote. Ameponea chupuchupu, iliandika barua, na mara nyingine haitakuwa hivyo.

Msomaji asiye wa kwetu atauliza kwa nini mke wangu hakuwa anapita kumjulia hali. Hakuruhusiwa. Kwa Wanyakyusa mke haonani na baba mkwe wake. Tunaita ukutila, kuogopa, lakini maana yake ni heshima. Hapiti njia anayopita mkwewe, haingii nyumba aliyomo, hasemi naye, hatamki jina lake, na wakikutana kwa bahati mbaya hujifunika nguo na kuingia migombani. Wakristo wengi walikuwa wameanza kulegeza. Baba alikuwa amebatizwa kama wao, ila alisema hajaona mahali Biblia inapomkataza mtu kuwa na adabu. Kwa hiyo chakula alichopika mke wangu kilipelekwa na shangazi, au na mtoto yeyote aliyekuwa karibu, na wawili hao wakaishi jirani bila hata kujuana sura.

Niliisoma barua ile nimekaa juu ya sanduku la zana, na moyo uliniuma vibaya. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha nahodha anasikika mpaka mwisho wa meli, na baba yangu alikuwa amelala sakafuni hatua themanini kutoka kwa mke wangu asisikike.

Nilimwambia mwalimu. Hakunipa pole. Alikwenda stoo akarudi na simu mbili za aina ile niliyoipenda, zilizokwisha kutolewa kazini kwa sababu magamba yake yamepasuka, pamoja na mzunguko wa waya uliochakaa. Alikuwa amemwendea ofisa wa stoo, na karatasi ya ruhusa ilikuwa mfukoni mwake na sahihi mbili. Tukazitengeneza pamoja. Tulipokuwa tunazijaribu aliniuliza, "Huku atashika nani?"

"Baba."

"Na kule?"

"Mke wangu."

Alinitazama sana. Yeye ni Mhehe, mambo ya wakwe anayajua. "Umewauliza?"

Nikamjibu kwamba hakuna haja, hawataonana, kati yao kuna migomba na ukuta. Akanipa na kifurushi cha sukari nikiache Iringa kwa dada yake.

Safari ya likizo ilikuwa ya siku tano, treni na mabasi, vumbi mpaka kwenye meno, na mzigo wangu sikuuachia mtu kuupandisha juu ya basi. Nilipofika nyumbani nilifanya kazi siku mbili. Nguzo zilikuwa mianzi, na mahali waya ulipogusa mwanzi niliuzungushia shingo za chupa ili umeme usivuje mvua ikinyesha. Kwa kuwa sikuwa na kengele, simu ya chini niliitundika ndani ya debe tupu jikoni. Ukigonga kibati cha juu kwa kucha, debe la chini linavuma mtu akasikia hata akiwa uani. Shangazi aliijaribu nami, akasema, "Mwanangu, sauti yako humu ndani ni nzuri kuliko ile uliyozaliwa nayo." Majirani walijaa uani. Kichwa kilinivimba, sikatai.

Sasa nikafanya kosa ambalo hata leo nikilikumbuka natafuta mahali pa kuuficha uso. Nilimpa baba simu ya juu, nikamfundisha kuishika, kisha nikateremka mbio jikoni, nikamwekea mke wangu ile nyingine sikioni, nikamwambia, "Haya, mwamkie."

Baba akasema upande wa pili, "Nani huyo?"

Mke wangu alisikia sauti ya baba mkwe wake ndani ya sikio lake, karibu kuliko mtu yeyote anavyoweza kusogea. Aliiachia simu ikagonga debe, akavuta nguo juu ya kichwa, akakimbilia migombani mbele ya majirani wote. Kule juu baba alisikia kishindo akaelewa. Alitoka nje, akaniita kwa sauti ya kawaida kabisa, akaniuliza kama huko majini watu hawana wakwe. Baada ya hapo hakusema nami siku mbili. Mimi fundi wa mawasiliano niliyekula kiapo, sikuwa nimefikiri kwamba sauti ni mtu.

Nilianza kuufungua waya. Shangazi akaja akanishika mkono, akasema ametumwa na mke wangu. "Anasema usifungue. Anasema yeye hatasema neno. Atagonga tu." Alikuwa ameyapanga yote kule alikojificha. Baba akibanwa atagonga mara tatu. Yeye atajibu mara moja, maana yake nipo. Kisha yeye akigonga mara mbili, maana yake nakwenda kumwita shangazi. "Anasema kugonga siyo kusema. Hata kuku anagonga."

Shangazi alipanda kumpelekea baba maneno hayo. Baba alikaa nayo siku nzima. Jioni akamrudishia jibu, "Kuku nitamvumilia."

Huyo ndiye mke wangu. Mimi nilifundishwa miaka mitatu na jeshi la maji, naye katika muda wa kukaa nyuma ya migomba akilia kwa aibu alikuwa ametatua kilichonishinda. Nilimwambia hivyo. Alisema nikate miti minene zaidi, ile mianzi itaoza.

Nikarudi kazini. Barua zilianza kuja, safari hii kwa mkono wake mwenyewe, maana alisoma shule ya misheni mpaka darasa la nne. Mara ya kwanza baba alibanwa mwezi wa masika. Aligonga, akajibiwa, shangazi akafika na maji ya moto na dawa kabla hajaanguka. Mara ya pili vilevile. Nilimsomea mwalimu barua hizo, naye akaomba nimsimulie tena zile shingo za chupa, akatikisa kichwa kwa furaha.

Kisha ikaja barua iliyosema, "Baba ameanza kuzungumza na kuku." Aligonga siku moja mara tatu, akajibiwa mara moja, na badala ya kukohoa akaanza kusimulia. Alisema anajua kuku hajibu, basi hakuna wa kumkatiza. Alimsimulia alivyokwenda kwa miguu kuchimba dhahabu Chunya akiwa kijana, wakalala Makongolosi kwenye mahema, maji ya kunywa yakiletwa kwa punda. Alimsimulia kuhusu mama yangu, jinsi alivyokuwa akiimba kanisani kwa nguvu mpaka mchungaji akamwomba apunguze. Akifika mwisho anauliza, "Upo?" Mke wangu anagonga mara moja. Ikawa desturi yao kila siku baada ya chakula cha mchana. Alipukuchua mahindi yake huku debe linaongea.

Habari za Makongolosi sikuwa nimezisikia maishani mwangu. Mimi baba aliniambia lima, funga ng'ombe, nenda shule. Niliona wivu, nasema kweli, na niliona fahari pia, na vyote viwili vilikaa ndani yangu kwa wakati mmoja bila kugombana.

Baba alifariki mwaka uliofuata, mwanzoni mwa mvua, miezi minne baada ya likizo yangu ya mwaka huo. Barua ilinifikia meli ikiwa mbali, na nilipopata ruhusa na kufika nyumbani kaburi lilikuwa limekwisha kuota majani. Nilikuta pia maneno. Shangazi alikuwa hasemi na mke wangu. Baba zangu wadogo walisema mwanamke huyu alisikia mzee akifa na hakumwita mtu. Simu ilikuwa imefungwa kwa ajili hiyo, wakasema, na siku ya kazi yake hakuitumia. Wakanitaka niamue.

Nilimkuta jikoni. Debe lilikuwa bado limetundikwa. Sikumsalimia vizuri. Nilimuuliza kwa ukali, "Mimi niliweka simu ili uite watu. Kwa nini hukuita?"

Alimaliza kwanza kuchochea moto, kisha akanieleza.

Siku hiyo shangazi alikuwa shambani kwake, mlima wa pili. Kwenda na kurudi ni mwendo mrefu. Baba aligonga mara tatu, naye akajibu mara moja. Akasikia pumzi zake, akajua hizi si za siku zote. Akagonga mara mbili, nakwenda kuita. Baba akasema, "Usiende." Alisema kwa vipande, neno na pumzi, neno na pumzi. Akasema, "Sheria hii mimi ndiye niliyekushikia, na mimi ninakuachia. Sitaki kugongewa leo. Sema."

"Nilijifunika nguo," mke wangu aliniambia. "Nilikaa kimya mpaka nikaogopa kwamba amekwisha kwenda. Halafu nikasema, Abee, baba."

Baba akasema, "Kumbe sauti yako ndiyo hiyo." Akamwomba aendelee. Yeye hakujua la kumwambia mkwewe, basi akamwambia yaliyokuwa mbele ya macho yake. Alimwambia maharage yamechanua, na mvua inakuja kutoka upande wa mlima, na mbuzi wa jirani amekula tena kamba. Akamwambia ana mimba ya miezi minne, jambo ambalo hata mimi nilikuwa bado sijaandikiwa. Akasikia baba akicheka, au akikohoa, hakujua. Akaendelea kusema. Pumzi zikazidi kuachana, na baadaye zikaisha, naye hakuacha kusema mpaka shangazi aliporudi kutoka shambani akamkuta ameshika simu kwa mikono miwili.

"Ningekwenda kumwita shangazi ningemkuta shambani," alisema. "Tungerudi wote. Lakini alikuwa ameniomba nisiende."

Nilitoka uani walikokuwa wamekaa wakinisubiri, nikawaambia nimeamua kwamba mke wangu hana kosa, na kwamba atakayelisema tena neno lile atalisema mbele yangu. Kisha nilikwenda peke yangu mpaka nyumba ya juu, nikakaa sakafuni karibu na simu ya baba, nikalia.

Mimi ningekimbia. Ningeruka kijito na kupanda mlima kumwita shangazi, kwa kuwa simu niliifunga kwa kazi hiyo nami ni mtu wa kufuata kazi, na baba yangu angekufa akisikiliza jiko lisilo na mtu.